Jicho la Mashine Kongwe

Jumanne, tarehe kumi na nne Machi. Tangu alfajiri manyunyu yalikuwa yakianguka polepole, na kioo cha dirisha la jikoni kilijaa ukungu.

Nilikuwa nimemaliza sala na kuandaa chai mezani. Mume wangu alichukua birika, akamimina. Chai ikapita kando ya kikombe, ikatambaa juu ya kitambaa hadi kwenye karatasi za binti yetu.

"Baba!"

"Kikombe kimesogea," alisema mume wangu.

"Vikombe vya nyumba hii vimeota miguu," binti alijibu, lakini hakucheka. Alimtazama baba yake machoni, naye baba yake alikuwa akitazama pembeni kidogo ya uso wake.

Wote wawili wanafanya kazi katika kampuni moja, inayotengeneza chipu za kompyuta na kuziuza nchi nyingi. Mume wangu ni fundi wa mashine kongwe inayochora njia za umeme kwenye sahani nyembamba za silikoni. Mashine za aina hiyo hazitengenezwi tena, na ni yeye peke yake anayejua kuilinganisha, akichungulia kwenye hadubini. Kiwandani wanamwita Jicho. Chipu zake huwekwa kwenye breki za magari. Binti yetu yuko ofisini. Huandika ile sehemu ya taarifa ya mwaka inayowaeleza wenye hisa hatari zinazoweza kuikumba kampuni. Siku hiyo ndiyo aliyotakiwa kuikabidhi.

"Tangu lini?" binti aliniuliza mimi.

Nilianza kukusanya vikombe. Kwa muda mrefu nilikuwa nikimshika mume wangu mkono barabarani na kumnong'oneza: ngazi, dimbwi, baiskeli. Majirani walidhani uzee umeturudisha kwenye uchumba.

"Mwache mama yako," alisema mume wangu. "Ni ukungu tu. Utapita."

"Daktari ndiye aliyesema utapita?"

Mume wangu akasogeza kiti karibu na meza. Kisha akasema, "Hebu nisomee ulichoandika."

Binti alizipangusa karatasi, akasoma. Uhaba wa maji safi. Umeme kukatika. Vita kufunga njia za meli. Mteja mkubwa kuhamia kwa washindani. Tetemeko la ardhi.

"Mnaogopa mpaka ardhi," mume wangu alitania, "na mzee mnayemwamkia kila asubuhi hamumwogopi."

"Kuna swali la mtu ambaye akikosekana kazi inasimama," binti alisema taratibu. "Hilo sijalijibu. Kidole kimoja hakivunji chawa, baba, na kwa mashine ile wewe umekuwa kidole kimoja. Nikiandika tuko salama, nimewadanganya watu waliotuamini na akiba zao. Nikiandika ukweli, ni kama nimekufukuza kazi kwa mkono wangu mwenyewe. Niandike nini?"

"Chipu zangu zote zimepimwa. Hakuna mbovu."

"Sikuuliza hilo."

Mume wangu alipapasa ukingo wa meza. "Juzi," alisema, "nililinganisha mashine kwa mazoea ya vidole. Sikuona kitu."

Nilifumba macho. Uponyaji nilikuwa nikimwombea kila siku. Asubuhi hiyo nilimwombea ujasiri. Nilipofumbua, alikuwa amesimama.

"Nipe koti, mama. Leo twende wote."

Ofisi ya meneja inatazamana na karakana kupitia ukuta wa kioo. Nyuma ya kioo watu walikuwa wamevaa mavazi meupe, macho tu yakionekana. Mume wangu alieleza kila kitu akiwa wima. Meneja alifunga mlango.

"Pole sana, mzee wangu. Lakini hili libaki humu ndani. Taarifa ikishatoka, tutalizungumza kwa utulivu." Akamgeukia binti. "Na wewe usiliguse swali hilo."

"Bosi, na gari likikosa breki, nalo lisubiri taarifa itoke?" binti aliuliza.

Meneja alitazama viatu vyake.

Mume wangu alitafuta kitasa kwa kiganja, akafungua mlango. Aliwaita mafundi wawili ambao miaka yote alikuwa akiwafukuza wasikaribie hadubini yake. Nyumbani alizoea kusema kwamba ukimfundisha mtu kazi yako umempa kiti chako. Walikuja wakishusha barakoa, wakidhani wamekosea jambo.

"Jicho, tumefanya nini tena?" mmoja aliuliza.

"Hamjafanya kitu. Jicho ndilo lililokufa."

Hakuna aliyecheka. Binti alitoa kalamu na kuandika jibu la swali lile kwenye nafasi iliyokuwa wazi, huku machozi yakimtoka. Meneja hakumzuia. Mume wangu alinyoosha mkono, nikaushika.

"Nasema mbele ya bosi, mbele ya mke wangu na binti yangu, na Mungu anasikia," alisema kwa sauti iliyofika hadi karakanani. "Mashine ile sitailinganisha tena kwa mkono wangu. Nitakaa kando yenu, niwafundishe kwa mdomo yote ninayoyajua, bila kuficha hata moja, mpaka ninyi wenyewe mniambie: mzee, nenda nyumbani, tunaweza."