Pengo Kwenye Mchoro

Kikao cha rangi kilikuwa kimeshakula asubuhi nzima, na Dada Michoro alikuwa ameanza kung'ata kifuniko cha kalamu. Rangi, jamani! Watu wazima, wenye shahada zao na familia zao, wamejifungia kwenye chumba ambacho dirisha lake halifunguki, wanabishana kama kijani cha mistari kwenye skrini ya ukutani ni kijani cha matumaini au cha ukungu wa mkate.

"Mimi nikikitazama hicho kijani, kichefuchefu kinanishika," alisema mkuu wa kitengo cha saratani, daktari mwenye sauti ya upole na tabia mbaya ya kuuliza tena swali lililokwisha kujibiwa.

"Basi kinafaa mstari wa kichefuchefu," muuguzi mkuu akadakia, na watu wakacheka. Dada Michoro hakucheka.

Jina hilo alilipata hapohapo hospitalini, na kazi yake ilikuwa hivi. Wagonjwa wanakwenda nyumbani baada ya dawa, na kila asubuhi simu ya mashine inawauliza: maumivu yakoje, umelala vipi, hamu ya kula ipo? Wanajibu kwa namba, sifuri mpaka kumi. Yeye anazigeuza namba hizo kuwa michoro, ili daktari akitupa jicho mara moja tu ajue nani apigiwe simu kabla mambo hayajaharibika. Kusema rahisi! Walianza kumsumbua kuhusu mistari. Maumivu yakipanda ni shari, hamu ya kula ikipanda ni heri, na daktari mwenye haraka anaona mistari miwili inapanda anafurahia yote. Akaigeuza, kupanda kuwe heri tupu. Wakamwambia sasa maumivu yanaonekana kama kitu kizuri. Akairudisha. Mkuu akamuuliza, kwa ule upole wake, kwa nini ameirudisha. Siku ile Dada Michoro alikwenda chooni, akafungulia bomba ili asisikike, akatukana mpaka roho ikatulia.

Hayo aliyameza. Lililomkwama kooni lilikuwa pengo. Mgonjwa asipojibu, yeye alikuwa anaukata mstari: panabaki peupe, kisha mstari unaanza tena atakapojibu. Mkuu hakutaka hata kulisikia.

"Mchoro wako ni kibogoyo," alimwambia. "Wageni wakija kuukagua mpango wetu watasema mashine yetu mbovu."

Wiki chache kabla ya kikao hiki wakaamua wenyewe: jibu la mwisho liburutwe mbele, mstari uendelee palepale mpaka mgonjwa ajibu tena. Dada Michoro alipinga. Alisema asiyejibu hatuijui hali yake, sasa tunamsemea kwa mdomo wa nani? Akaambiwa aache ubishi, yeye ni wa michoro, habari za wagonjwa awaachie wenyewe. Fundi wa programu, ambaye wote walimwita Bwana Sawasawa kwa sababu neno "hapana" halijawahi kumtoka tangu aajiriwe, akasema "sawa sawa". Siku hiyohiyo, kabla ya chakula cha mchana, mapengo yote yalikuwa yamezibwa.

Na hapo ndipo palipomuuma zaidi, maana mmoja wa wagonjwa wale alikuwa mama yake mdogo. Huyo ndiye aliyemlea, fundi cherehani, mwanamke wa kuishi peke yake na mwenye mdomo ambao hata wateja waliuogopa. Kumwingiza kwenye mpango ule ilikuwa vita.

"Nikae najibujibu simu kama karani? Mimi nina kazi zangu!"

Alibembelezwa mpaka akakubali. Kwenye skrini majina hayatokei, ni namba za wagonjwa tu, lakini namba ya mama mdogo Dada Michoro aliijua kwa moyo. Kila asubuhi, kabla hata ya kulivua koti, aliitafuta. Akiuona mstari umetulia, naye anatulia. Wiki hii ya vikao hata kumpigia hakumpigia. Alisema nitampigia kesho, na kesho ikaja na kikao chake.

"Haya, kijani tumekiacha," mkuu alisema hatimaye. "Tunabaki na bluu ile ya mwanzo."

Ile ya mwanzo! Ile aliyowaletea yeye mwenyewe, wakaikataa! Dada Michoro alifumba macho akamwomba Mungu subira.

"Sasa wageni wanakuja," mkuu akaendelea. "Nataka mgonjwa mmoja mzuri wa kuwaonyesha. Aliyetulia."

Muuguzi mkuu alishika kipanya, akapitisha michoro, mmoja baada ya mwingine, kisha akapiga meza. "Huyu hapa! Tazameni maumivu yake. Mbili, mbili, mbili. Mstari umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo."

"Safi sana," alisema mkuu. "Huyo ndiye."

Dada Michoro alitazama namba juu ya mchoro, na kwanza, kusema kweli, aliona fahari. Nusura aseme, huyo ni mama yangu. Neno lilifika kwenye ulimi likasimama. Mbili, mbili, mbili? Mama mdogo? Mtu ambaye ukimuuliza chai iwekwe sukari kiasi gani, asubuhi anakupa jibu hili na jioni anakugombeza kwa kumpikia vilevile? Huyo hajawahi kutoa jibu moja mara mbili maishani mwake.

Akasimama.

"Nifungulie majibu yake," alimwambia Bwana Sawasawa. "Siyo mchoro. Majibu yenyewe, kama alivyoyabonyeza."

"Dada, tusipoteze muda," mkuu alisema. "Mgonjwa anaonekana yuko vizuri."

"Haonekani! Huyo mnayemwona ni mimi na kalamu yangu! Fungua!"

Hakuna aliyewahi kumsikia akipayuka hivyo. Bwana Sawasawa alifungua bila hata kusema sawa sawa. Ile mbili ya mwisho ilikuwa ya wiki iliyopita. Chini yake, asubuhi baada ya asubuhi, hapakuwa na kitu.

Muuguzi mkuu alisogea karibu na skrini, na utani wote ukamtoka usoni. "Huyu alipewa dripu ya dawa ya saratani wiki iliyopita," alisema polepole. "Hizi ndizo siku za kinga ya mwili kushuka. Akipata homa sasa hivi..." Aliitoa simu yake akaanza kuita gari la wagonjwa.

Dada Michoro alikuwa ameshapiga. Simu iliita, ikaita. Alijiona mjinga wa mwisho duniani. Yeye aliyegombana nao wote kuhusu lile pengo, yeye aliyejua kabisa kwamba mstari ule ni wa kubandika, ndiye aliyekuja kila asubuhi akautazama na kusema alhamdulillahi, mama yangu mzima. Akabonyeza kipaza sauti bila kukusudia, na chumba kizima kikasikia.

"Haloo," sauti ilisema. Ndogo, kavu, si ya mama mdogo kabisa.

"Mama mdogo! Shikamoo. Unaumwa?"

"Marahaba, mwanangu. Baridi tu. Baridi na jua lote hili." Akapumua kwa tabu. "Mwili unawaka, na meno yanagongana."

"Tangu lini? Mbona hukujibu simu ya hospitali? Mbona hukunipigia mimi?"

"Ningejibuje? Zile namba zinanichezea machoni, vidole havinisikii. Na wewe uko kazini, nisikusumbue. Nikasema, basi niache. Wakiona niko kimya, watajua mambo si mazuri, watakuja."

Mkuu wa kitengo alikuwa amesimama, mikono mezani. Mlangoni muuguzi mkuu alikuwa anamtajia dereva mtaa.

"Tunakuja sasa hivi, mama. Gari linatoka. Usilale, sawa? Nisubiri, nakuja nalo, niko njiani."

"Njoo tu. Nilimwambia jirani asiufunge mlango, maana sitaweza kuinuka kuwafungulia." Sauti ilikuwa inazidi kwenda mbali. "Uko wazi tangu siku ile nilipoacha kujibu."