Aliyeteleza Bafuni

Katika bweni lile la wanamieleka wa kike, pale mjini Kawaguchi, Kanae Mabuchi aliwadharau watu wote isipokuwa mpishi, na mpishi, siku nyingi, alikuwa yeye mwenyewe.

Alikuja na medali ya judo ya mkoa wa Niigata akidhani atafundishwa mieleka. Alifundishwa kufua. Alfajiri alideki choo, akafagia ulingo, akaloweka suruali za kubana za wakubwa zilizonuka jasho na dawa ya kuchua. Kisha ilikuwa kuchuchumaa na kuinuka, kuchuchumaa na kuinuka, mpaka mapaja yanakataa amri. Mchana alipika sufuria zima la kuku na kabichi, akasimama ukutani kungoja wakubwa washibe. Kuku hakuwahi kumfikia.

Hayo angeyavumilia kama mkubwa mwenyewe angekuwa na lolote la kuheshimika. Lakini mkubwa alikuwa Udagawa, mama wa makamo mwenye nywele za rangi ya chungwa na kitambi kilichochungulia juu ya mkanda. Mashabiki walimwita Malkia. Malkia huyo akipanda juu ya kamba za ulingo ili aruke, mpinzani wake hulazimika kusimama chini akimngoja, kama mtu anayengoja lifti.

Mwanagenzi mwenzake Kanae alikuwa Chizuru Oginome, aliyeacha kazi ya kuuza keki kwa sababu ya picha ya Malkia aliyoibandika juu ya kitanda. Usiku alilia chini ya blanketi, asubuhi akamwinamia Udagawa na kumshukuru kwa mafunzo. Kanae alimdharau pia, ila kwa upole, kama unavyomdharau mbwa anayerudi kwa anayempiga teke.

Jumanne moja Udagawa aliamka na hasira zake. Akampandisha Chizuru ulingoni, akawa anamnyanyua na kumbwaga chali, anamnyanyua na kumbwaga.

"Kidevu kifuani! Hiyo shingo umeazima?"

"Naam, dada! Tena, dada, tafadhali!"

Ikafika mahali shingo ikachoka. Kisogo cha Chizuru kiligonga sakafu ya ulingo kwa mlio mkavu. Msichana akabaki amelala, jicho moja likitazama dari, jingine likitazama kwingine.

"Amka, mwigizaji we," Udagawa akasema, akijifuta jasho. "Maigizo kayafanye mbele ya waliolipa kiingilio."

"Dada, huyu ameumia," Kanae akasema. "Aitiwe gari la wagonjwa."

"Nani kakuuliza? Umekuwa daktari?"

"Sijawa. Na wewe pia hujawa."

Wakubwa wengine wakageuka kutazama viatu vyao. Kanae akatoka nje akapiga simu mwenyewe, na aliporudi Udagawa alikuwa ameketi pembeni, anakula ndizi.

Damu ilikuwa imevilia kidogo kichwani, daktari akasema, lakini atapona bila kupasuliwa. Kesho yake Udagawa alivaa suti nyeusi, akabeba tikiti la bei mbaya lililofungwa utepe, akamburuta Kanae hospitalini aje kuinama nyuma yake. Mama yake Chizuru alikuwa kando ya kitanda, mwanamke wa umbo dogo ambaye hata aproni ya dukani hakuwa amepata muda wa kuivua.

Udagawa akainama mpaka nywele za chungwa zikaning'inia. "Mama, tunaomba radhi sana. Mtoto aliteleza bafuni. Sakafu ilikuwa na sabuni."

Kanae hakuinama. "Mama, hakuteleza. Alibwagwa mpaka shingo ikaisha nguvu. Aliyembwaga ndiye huyu mwenye tikiti."

Mama akamgeukia binti yake. Chizuru alikuwa mweupe kama shuka. Akamtazama Udagawa, kisha mama yake. Kwa Kanae hakugeuza jicho kabisa.

"Niliteleza, mama," akasema. "Kanae hata hakuwepo."

Mama akainuka kitini. Halafu akainama, chini kuliko alivyoinama Udagawa, akapokea tikiti kwa mikono miwili. "Naomba uendelee kunitunzia huyu mtoto."

Wakarudi bwenini. Walipofika, Udagawa alivua koti la suti, akapanda ulingoni na kumwita Kanae kwa kidole.

"Njoo, bingwa wa Niigata. Nikufundishe adabu."

Alirusha kofi la kifuani, lile la kuwapigisha mashabiki makelele. Kanae akalipokea, akaukamata mkono uleule, akamzungusha na kumlaza. Akamkalia ubavuni, akamkaba kichwa na bega kwa pamoja, akaminya taratibu bila haraka yoyote. Malkia alirusha miguu. Alifura. Mwishowe kiganja chake kikapiga sakafu, pa pa pa, ishara ya kusalimu amri, mbele ya wakubwa wote waliozoea kula kuku wa Kanae.

Kanae alipomwachia, Udagawa alikohoa, akakaa, akajaribu kucheka. "Unadhani umeshinda? Jumapili mbele ya watu ungelala chini yangu."

"Ningelala, dada. Maana ungekuja kuniomba nijiangushe."

Akafungua kamba za viatu vya mazoezi, ambavyo vilikuwa mali ya bweni, akaviacha juu ya turubai la ulingo. Hakuna aliyemzuia; mmoja tu, aliyekuwa karibu na mlango, alisogeza mguu ili apite.

Stesheni alimpigia Chizuru. Hakujua hasa kwa nini. Labda alitaka kusikia kama jicho limekaa sawa.

"Nimeondoka," akasema. "Kichwa kinaendeleaje?"

"Umeniharibia," Chizuru akasema kwa sauti ya kukwaruza. "Dada Udagawa atanichukia. Ataniona mimi ni rafiki yako."

"Basi mwambie hatukuwa marafiki."

"Nimeshamwambia."

Kanae alikata simu. Treni ya kwenda kwao ikaingia, akapanda, akapata kiti dirishani.

Chizuru alipona, na mwaka uliofuata akapigana pambano lake la kwanza, akalala chini ya Malkia mbele ya ukumbi uliojaa nusu. Wakati huo Kanae alikuwa anafundisha judo watoto wa polisi huko Niigata. Alipelekewa tiketi ya bure ya pambano hilo. Hakwenda.