Samaki wa Kijito Kilichofukiwa

Shangazi yangu ni mtu wa usafi kupita kiasi. Ukisimama karibu naye kwa muda, na wewe utasuguliwa. Baba alipolazwa kwa upasuaji wa tumbo, alikuja kunisaidia kazi za nyumbani, na mara tu alipoingia sebuleni macho yake yakatua kwenye tangi la samaki.

Samaki wale hawakununuliwa. Baba, fundi saa, aliwavua mwenyewe kwa kipande cha chandarua, katika kijito kilichopita nyuma ya kibanda chake kabla hakijafukiwa na kumwagiwa zege ili watu wapate pa kuegesha magari. Walikuwa wadogo, rangi ya matope, na ubavuni mstari wa buluu ulioonekana tu walipogeukia mwanga. Ukijani wa kioo aliuacha makusudi, maana waliula. Maji ya bomba aliyalaza kwanza kwenye ndoo mpaka harufu ya dawa iishe, kisha akawaongezea kidogo tu. Mbali na yeye, aliyejua hayo ni mimi, nami nilikuwa hospitalini pembeni ya kitanda chake.

Niliporudi, tangi liling'aa. Shangazi alikuwa amelisugua kwa sabuni, changarawe amezichemsha, na maji ya bomba amejaza mpaka juu. Samaki wote walielea matumbo juu.

"Nimechelewa, mwanangu," alisema huku akilia. "Uchafu ule ulikuwa umeshawamaliza. Laiti ningekuja mapema!"

Nilichemka. Nilijiuma midomo nisimtukane mtu mzima, kesho yake nikaenda kumshtaki kwa baba.

"Wote?" aliuliza.

"Wote."

Baba alinigeukia. "Usimwambie ni yeye. Umenisikia? Mama alipofariki, huyo ndiye aliyenilea."

"Lakini baba, hawapatikani tena!"

"Najua kuliko wewe."

Siku aliyoruhusiwa kurudi nyumbani, shangazi alimkalisha kitini, mbele ya tangi tupu, akaanza upya kuomba radhi kwa kuchelewa.

"Hukuchelewa, dada," baba alisema. "Waliugua tu."

Halafu akainamisha uso, mabega yakaanza kutetemeka. Sikuwahi kumwona baba akilia. Shangazi alipiga magoti haraka, akamshika mkono.

"Pole, mdogo wangu. Ni mshono huo. Unauma sana?"

"Unauma, dada," baba alijibu.