Kifuniko cha Tanki

Wayua wa Kilungu hakuwahi kutoka kwake mara moja. Alifunga mlango, akashuka hadi kwenye michungwa, halafu moyo ukamshika: jiko je, limezimwa? Akarudi. Akatoka tena, akafika pale pale: kufuli imeshika kweli? Akarudi. Mara ya tatu ilikuwa ya tanki, lile la simiti la maji ya mvua, maana mtoto alikuwa mmoja tu na tanki lilikuwa refu kwenda chini.

"Mama Mbithe," jirani yake mzee Kaloki alimwambia kutoka shambani, "hiyo kufuli unaitembelea kuliko mama mkwe wako."

Wayua alicheka, lakini alirudi.

Wasiwasi ulipomzidi, akamgawia mtoto. Mbithe alipofika miaka minane alifundishwa kupanda ngazi ya mbao, asubuhi na jioni, kuhakikisha kifuniko kimefungwa. Wayua akienda sokoni alimwachia kabambe, simu ndogo ya vibonye, na akifika tu anapiga. "Umeangalia?" "Nimeangalia, mwaitu," mtoto anamjibu mama yake. Nusu saa haijaisha, anapiga tena. Mbithe akaanza kukonda. Uji ulipoa mbele yake, masikio yake yako mlangoni.

Alhamisi moja ya likizo ya Agosti, Wayua alipanga maparachichi yake sokoni, akapiga.

"Mbithe, umeangalia?"

"Mwaitu, si umeniuliza sasa hivi hapa nje?"

"Niko sokoni, mimi."

"Umerudi mara tatu. Hutaki kuingia. Unasema kifuniko kiko wazi, nipande nikifunge."

Wayua aliibana simu sikioni. Akasikiliza. Nyuma ya sauti ya mtoto, kwa mbali, kulikuwa na mwanamke anauliza polepole, bila kuchoka: umeangalia? umeangalia? Ilikuwa sauti yake mwenyewe, hadi kikohozi kidogo anachomalizia swali.

Simu yake ikiwa bado sikioni, akanyakua ya Nzuki, aliyeuza ndizi kando yake, akampigia mzee Kaloki.

"Mzee, tafadhali kimbia kwangu."

"Nikimbilie nini na wewe uko?" Kaloki akacheka. "Si nakuona hapo kwa tanki, umeshika ngazi."

Wayua akaiacha simu ya Nzuki ianguke kwenye maparachichi.

"Mbithe. Usiangalie. Leo hatuangalii kitu. Kaa chini hapo ulipo."

"Na kama kiko wazi kweli?"

Hapo Wayua alitaka kusema, basi chungulia tu, mara moja, roho itulie. Neno lilishafika mdomoni. Na kule nyuma ile sauti ikanyamaza, kama mtu anayengoja ruhusa.

"Kikiwa wazi, kiwe wazi," akasema. "Kunywa uji wako."

Akasikia kigoda kikivutwa. Akasikia kikombe. Hakukata simu mpaka bodaboda ikamfikisha nyumbani.

Mbithe alikuwa ndani, uji umemkaukia juu ya mdomo. Ngazi, ambayo Mbithe aliposhuka asubuhi Wayua aliilaza stoo kwa mikono yake, ilikuwa imesimamishwa kwenye tanki. Kipago cha juu kilikuwa kimekatika, ubao bado mweupe pale ulipokatika. Kifuniko kilikuwa wazi kabisa. Mzee Kaloki alisimama kwenye ua, kofia mkononi, akamtazama yeye, akatazama tanki, akamtazama yeye tena.

"Umetokea wapi, Mama Mbithe?"

"Sokoni."

Mzee hakumtania tena tangu siku hiyo. Ngazi waliipasua kuni. Kifuniko wakakiwekea kufuli, na ufunguo akakaa nao Kaloki, kwa sharti kwamba Wayua akiuomba asipewe.

Siku hizi Wayua hufunga mlango mara moja. Akifika kwenye michungwa husikia nyayo zikigeuka nyuma yake, zikipanda kurudi nyumbani kwa haraka, kama za mtu aliyesahau kitu. Yeye hageuki, na hapigi simu.

Na kule nyumbani mtu akiuliza mlangoni kama wameangalia, Mbithe hainuki kwenye kigoda. Hujibu mdomo umejaa muthokoi wa mahindi na maharagwe: "Hapa hatuangalii."