Neno Ndani ya Mabano

Mabano ya kwanza yaliingia uani kwa Mrisho, Kariakoo, saa nne asubuhi, mkewe Kuruthumu akichambua mchele wa duka la ushirika, ule wenye mawe mengi kuliko mchele. Yalikuwa vyuma viwili vyeusi, vifupi, ncha zimepinda kwa ndani. Yalijisimamisha kila upande wa birika la chai. Kuruthumu akanyoosha mkono kulishika birika, mkono ukaishia njiani. Basi, siku hiyo chai ilichemshwa kwenye sufuria.

Alhamisi vyuma vilianguka vyenyewe na birika likashikika. Mrisho aliporudi kutoka Ulaya alimweleza mkewe sababu. Yeye alikuwa mwanadiplomasia, na kazi yake ilikuwa kukaa meza moja na mataifa makubwa kubishania silaha. Kwenye rasimu ya mkataba, alisema, neno ambalo wote hawajalikubali hufungiwa ndani ya mabano. Halijaingia, halijatoka. Wiki ile walikuwa wanabishania alama ya mkato, na Alhamisi wakaikubali.

"Haya, Baba Sitara," Kuruthumu alisema. "Mbishane huko huko, mniachie vyombo vyangu."

Lakini neno lililomtesa Mrisho lilikuwa jingine, na tusimfichie, alilileta mwenyewe. Rasimu ilisema kwamba aliyetega mabomu ardhini atayafukua vita vikiisha. Mjumbe wa taifa moja kubwa alimfuata ukumbini, akamletea kikombe cha chai mkono kwa mkono, akamuuliza kama sentensi ile haiwezi kulegezwa kidogo. Mrisho amezaliwa Kariakoo. Kwao mtu aliyekuletea chai humwambii hapana usoni. Akamjibu kwa Kiingereza chake kizuri: ikiwezekana.

Kariakoo nzima inajua maana yake. Fundi cherehani akikwambia suruali utaipata Ijumaa ikiwezekana, Ijumaa usijisumbue kwenda. Yule mjumbe hakuwa wa Kariakoo. Alitoa kalamu. Kesho yake rasimu ilisomeka hivi: aliyetega mabomu atayafukua vita vikiisha, [ikiwezekana]. Pembeni wameandika nani kapendekeza: Tanzania.

Sitara, binti yao pekee, alikuwa mwalimu, na serikali ilikuwa imempangia shule ya mpakani, kule vita vilikopita. Kati ya shule na kisima lilikuwapo shamba la shule, na shambani mlikuwa na mabomu. Sitara alifunga kamba ya mkonge kuzunguka shamba, akaitundikia vitambaa vyekundu, na watoto wakawa wanakwenda kuteka maji kwa kufuata kamba, mmoja nyuma ya mwingine. Msichana wa darasa la nne alikuwa amekwishapoteza mguu kabla kamba haijafungwa. Hayo aliyaandika kwenye barua, kwa mwandiko wa ubaoni. Mrisho aliisoma akiwa ofisini Posta, akatembea kwa miguu hadi nyumbani kupitia Mnazi Mmoja bila kumsalimia mtu.

Desemba ile Sitara alikuja likizo. "Shikamoo, mama." "Marahaba, mwanangu." Kuruthumu akafungua mikono, na mikono ikaishia shubiri moja kabla ya kumfikia. Mabano ya safari hii yalikuwa marefu kama mtu. Sitara akipita mlangoni yanapita naye, akikaa yanakaa. Chakula alisukumiwa sahani mpaka kwenye vyuma, naye akaivuta upande wake.

Onesphory, fundi wa kuchomea vyuma wa nyumba ya jirani, Mchaga mpole, alikuja na msumeno. Alikata mpaka mchana. Kila alipokata pakajifunga.

"Mama Sitara, chuma hiki hakitaki," alisema, akanywa chai, akaondoka.

Jioni Kuruthumu aliweka mkeka kando ya mabano amwelekeze binti yake kujisuka mwenyewe. "Vuta kushoto. Sio hivyo, unaacha njia imepinda." Alikuwa amemsuka mtoto huyu tangu nywele zilipoota. Siku ya tatu uvumilivu ulimwishia.

"Baba Sitara, likubali hilo neno lako, nimshike mwanangu."

Aliyejibu ni Sitara. "Baba, usilikubali. Mimi hapa nimekaa tu, sina neno. Wale watoto wanapita kwenye kamba kila siku."

Kuruthumu alilia, akafuta uso kwa ncha ya kanga, akapakua wali.

Zilipita Desemba tatu za namna hiyo. Kila mkutano Mrisho alisimama akasema Tanzania inaondoa neno lake. Kila mara mwenyekiti alimjibu kwa adabu kwamba neno sasa ni la mkutano. Mrisho akalipinga tena, na mabano yakabaki palepale. Kisha umri wake wa kustaafu ukafika. Ofisini walimfanyia sherehe ya soda, na safari iliyofuata akapelekwa kijana mmoja hodari, Leodegar.

Desemba ya nne, Jumanne asubuhi, Sitara alikuwa uani anakuna nazi. Vyuma vikaanguka kwenye sakafu, huku kimoja, huku kimoja. Kuruthumu alimnyanyua binti yake kwenye mbuzi ya nazi, machicha mikononi na yote, akamkumbatia. Sitara alinuka chaki. Walikaa hivyo mpaka wali ukaungua, na hakuna aliyekwenda kuuepua. Mrisho alisimama mlangoni akiwatazama. Alijua kilichotokea Ulaya. Alifurahi sana, akaona aibu kwa kufurahi.

Wiki iliyofuata Leodegar alikuja moja kwa moja kutoka uwanja wa ndege, na sabuni ya zawadi.

"Shikamoo, mzee. Tumemaliza. Mabano yote yameondoka."

"Na neno?"

"Neno limebaki, mzee." Kijana alitabasamu, alidhani anampa heshima. "Nimeona kwenye kumbukumbu kuwa ni lako."

Mrisho alimkaribisha chai.

Yale mabano Kuruthumu aliyasimika uani, akafungia kamba ya kuanikia nguo, na mpaka leo hayajapata kutu. Likizo ilipoisha walimsindikiza Sitara stesheni. Njia nzima mama yake hakumwachia mkono, na hata behewani aliushika kupitia dirishani. Mrisho alikuwa na bunda la kamba mpya ya mkonge, mita mia mbili, na mfuko wa vitambaa vyekundu alivyokata mwenyewe kwa mkasi wa mkewe. Akampitishia vyote.

"Idi utakuja?" Kuruthumu aliuliza.

"Ikiwezekana, mama," alisema Sitara.