Breki za Tela la Mama Chiku

Miguu miwili tu ndiyo iliyoonekana, imechomoza chini ya tela lililoegeshwa kando ya barabara, soksi moja ya bluu na nyingine nyeusi. Mwenye miguu alikuwa amelala chali juu ya boksi lililokunjuliwa, kashika waya mkononi na hafanyi nao lolote. Ilikuwa asubuhi ya Julai, mwaka 2008, na baridi ya Johannesburg ilipanda kutoka kwenye saruji, ikapita katika boksi, ikamwingia mgongoni. Mtu mwenye akili timamu angemaliza kazi yake upesi akaenda kuota jua. Lakini Jumbe hakutaka kumaliza. Kazi hiyo ikiisha, mkewe angeondoka.

Mtaa mzima wa Bellevue ulimjua Jumbe kwa mkono wake mwepesi. Gari lililoletwa asubuhi likivutwa kwa kamba, jioni lilirudi kwa mwenyewe likiunguruma. Tela hili, lenye magurudumu mawili tu, lilikuwa limekaa mbele ya nyumba yao wiki ya tatu sasa. Mara plagi yake haioani na ya gari. Mara sumaku za breki zimeadimika mjini. Wapangaji wa nyumba ile, ambayo kila chumba chake kilikuwa na taifa lake, walikuwa wameanza kulizoea na kulianikia nguo.

Sababu ya kuhitaji breki haikuwa uongo. Pikapu yao ilikuwa ndogo na nyepesi, na tela likishapakiwa lingekuwa zito kuliko gari lenyewe. Katika mteremko, tela lisilo na breki zake husukuma gari kutoka nyuma, na dereva hana la kufanya isipokuwa kumtaja Mungu. Kidawa, mkewe, alikuwa anakwenda Tanga. Angepita Zimbabwe na Zambia, ateremke mlima wa Chirundu kuelekea mto Zambezi, na akishaingia Tanzania, ateremke Kitonga, ambako malori makubwa hulala korongoni magurudumu juu. Alikuwa ameapa kwamba bila breki hatoki. Kwa hiyo Jumbe alikuwa amegundua, bila kujisifu wala kumwambia mtu, jinsi ya kumzuia.

Si kwamba Kidawa aliikimbia Soweto, ingawa angekuwa na haki ya kukimbia. Huko alikuwa amepanga gereji ya mtu, akishona sare za shule. Mwezi wa Mei, wageni walipofukuzwa na maduka yao kuchomwa moto, gereji ile ilivunjwa mlango na kusombwa hadi vifungo vya mashati. Cherehani zilipona kwa sababu wanawake wa mtaa uleule walizibeba vichwani kabla kundi halijafika, wakazisukumia chini ya vitanda vyao. Mambo yalipotulia walizirudisha, mmoja akilia na kuomba radhi kwa kosa ambalo hakulitenda. Kidawa alilia naye, wakanywa chai. Baada ya wiki mbili alikuwa anashona tena, chumbani.

Kilichomtoa kilikuwa kitu kidogo zaidi. Binti yao, Chiku, walimwacha kwa bibi yake Tanga akiwa na miaka mitatu. Sasa alikuwa na kumi. Jumapili moja walimpigia simu. “Shikamoo, mama,” alisema mtoto. “Hamjambo huko? Nashukuru kwa kupiga.” Sauti ilikuwa safi, ya adabu, sauti ya mtoto anayeongea na mgeni wa bibi yake. Kidawa aliishika simu hata baada ya kukatika. Kisha akasema, “Mimi narudi nyumbani.”

“Tutarudi na nini?” Jumbe alimuuliza. Alipoondoka Tanga alikuwa ametangaza, mbele ya watu, kwamba atarudi na lori lake mwenyewe. “Na mikono mitupu?”

“Mikono ileile uliyoondoka nayo. Ilikuwa na kasoro gani?”

“Mimi siwezi, Mama Chiku.”

Alitegemea kubembelezwa. Alikuwa ameshaandaa majibu, tena mazuri. Kidawa hakumbembeleza. Alimwomba kitu kimoja tu, amfungie breki.

“Bwana Jumbe, uko muzima, ao umekufa?”

Alikuwa Spéciose, Mrundi wa chumba cha uani, muuza maparachichi barabara ya Rockey. Yeye na Kidawa walikuwa wamekubaliana kusafiri pamoja hadi Morogoro, na kutoka hapo angeshika njia ya kwao. Mfuko mzito ukaangushwa kando ya soksi ya bluu, ukalia.

“Sumaku zako hizi. Nimeuliza duka ya kwanza tu. Yule mutu akasema ziko mingi, zinajaa mavumbi. Wewe si ulisema zimeisha mu mji muzima?”

Jumbe alitoka chini ya tela polepole. “Labda zimeingia leo.”

“Eish, Bwana Jumbe.” Spéciose alichuchumaa, akajifunika vizuri kitenge chake. “Sikia. Bwana yangu, wakati nilitaka kutoka Bujumbura, alipiga makelele, akafunga mulango. Basi nilijua, mulango ni huu, umefungwa, nitafute dirisha. Wewe unafunga mulango na unacheka. Ile ni mubaya zaidi. Kama hautaki aende, umuambie. Usimuambie na waya.”

Alisimama akaenda zake kuuza maparachichi. Jumbe aliona aibu, aibu ya kweli, ile inayopasha masikio joto hata Julai. Aliufungua mfuko ule mapajani. Kisha akalipandisha tela kwa jeki na kung’oa gurudumu la kwanza.

Alifanya kazi bila kupumzika, na kwa kuwa alikuwa ameanza, aliifanya kama inavyotakiwa. Hapo ndipo ilipokuwa shida yake: angeweza kuchelewesha kazi, lakini kuiharibu hakuweza. Aliingiza sumaku, zile zinazokaza breki zikipata umeme, ndani ya ngoma za breki, akapitisha nyaya chini ya fremu na kuzibana mahali ambapo mawe ya barabarani yasingezifikia. Ulipofika waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye chuma cha fremu, wengine wangeufunga popote penye skrubu, kisha taa zikianza kupepesa safarini, wamlaumu shetani. Jumbe aliikwangua rangi mpaka chuma kikang’aa, akaukaza waya hapo, akapaka grisi juu yake. Mwisho alifunga kisanduku cha breki chini ya dashibodi, karibu na goti la dereva. Kilikuwa na kitufe cha kuzungusha, cha kupimia nguvu ya breki za tela, na kishikio kidogo cha kusukuma kwa kidole. Kila alipokaza nati alijisikia kama mtu anayemfungia mwenziwe mizigo, na moyo ulimuuma. Hakukaza hata moja nusunusu.

Alasiri walikwenda kulijaribu tela kwenye kilima cha Observatory, Kidawa akiendesha. Jumbe ndiye aliyemfundisha kuendesha, na tangu muda mrefu mwanafunzi alikuwa amempita mwalimu, jambo ambalo Jumbe asingelikiri mbele za watu. Tela lilifuata tupu, likigongagonga.

“Si lazima uje,” Kidawa alisema walipokuwa wanapanda. “Ningeweza kulijaribu mwenyewe.”

“Haiwezekani. Marehemu Fundi Mussa alitufundisha hivyo pale gereji Tanga. Aliyefunga breki hupanda gari, ateremke nazo mlima wa kwanza. Hata kama ni la tajiri na dereva wake yupo.”

“Kwa nini?”

“Ili wakati anafunga ajue kwamba na yeye yumo.”

Kidawa alitabasamu kidogo. Waliingia mteremkoni. Alikanyaga breki kwa adabu, kama anavyokanyaga siku zote, na papo hapo tela likawakamata kwa nyuma. Matairi yake yalipiga yowe, pikapu ikasimama kwa kishindo, na kifua cha Kidawa kikagonga usukani. Mzee mmoja aliyekuwa akitembeza mbwa alisimama kuwatazama.

“Hili tela halitaki kwenda,” Kidawa alisema, akijisugua kifua.

Jumbe aliinama kutazama kisanduku. Kitufe kilikuwa kimezungushwa mpaka mwisho. Hakukumbuka kukizungusha hivyo. Breki za tela hupimwa kwa mzigo wake. Tela likiwa tupu, kitufe huwa karibu na mwanzo, na hilo hulijua hata mtu aliyekaa gereji siku mbili.

“Nilikuwa nafikiria mzigo,” alisema.

“Ulikuwa unafikiria,” alisema Kidawa.

Jumbe alikirudisha kitufe nyuma, kidogo kidogo, wakijaribu kila hatua, mpaka gari na tela vikawa vinapunguza mwendo kama kitu kimoja. Kisha akamwonyesha kishikio.

“Hiki ndicho hasa nilichotaka ukijue. Ukiwa katika kasi, tela linaweza kuanza kucheza nyuma yako, huku na huku. Usikanyage breki ya gari. Ukikanyaga kwa woga litakusukuma na kukupindua. Sukuma hiki, taratibu. Tela peke yake litajishika, litavutika nyuma na kunyooka. Haya, yumbisha usukani kidogo, ulisikie.”

Kidawa aliyumbisha. Tela likaanza kutikisa mkia. Alisukuma kishikio kwa kidole gumba, na Jumbe akahisi, kiunoni kabisa, jinsi lilivyovutika likanyooka. Akarudia tena bila kuambiwa. Jumbe alimtazama na kufurahi kupita kiasi, kisha akakumbuka ni kwa nini anamfundisha. Alitaka kusema usiende. Alisema, “Hapo umepata.”

Walipofika chini, Kidawa aliegesha pembeni. “Nikuulize kuhusu marehemu fundi wako. Kuteremka na tela tupu namna hii, kwake kulikuwa kunahesabika?”

Jumbe alicheka, mara ya kwanza tangu ile simu. “Thubutu! Angetufukuza gereji. Alikuwa akisema breki haijui kazi yake mpaka ibebe.”

“Nilidhani hivyo,” alisema Kidawa, akatia gia.

Ijumaa walipakia. Jumbe alibeba cherehani moja moja, akazipanga juu ya ekseli ili uzito usielemee nyuma, akajaza nafasi kwa masanduku na mafurushi aliyokuwa akipewa na mkewe, akafunika kwa turubai na kukaza kamba. Kisha alikirudisha kitufe mbele hadi alipopima kwamba kinatosha, akaweka alama ya rangi nyeupe, ili Kidawa asipate shida.

Jumamosi jua lilipochomoza, Spéciose alikuwa tayari kitini, amevaa koti la mwanamume na kofia ya sufu, na rozari mkononi. Jumbe alikuwa ameamka mapema kunawa mikono kwa sabuni ya unga na mchanga. Grisi ya kuchani ilikataa kutoka, kwa hiyo baada ya kutia udhu aliushika msahafu kwa kanga. Alisimama kizingitini akauinua juu, kama baba yake alivyomwinulia yeye siku alipotoka Tanga. Kidawa alipita chini yake, akarudi, akapita tena, hata mara ya tatu, huku midomo yake ikinong’ona.

“Mama Chiku,” alisema. “Nisamehe kwa zile wiki tatu.”

“Nilikusamehe wiki ya kwanza.” Kidawa aliuchukua msahafu mikononi mwake, pamoja na kanga yake. “Baba Chiku, mlima wa kwanza na mzigo uko wapi?”

“Mlima gani?”

“Wa kuteremka. Toka hapa.”

“Wa maana ni Chirundu,” alijibu Jumbe, na alipokwisha kujibu ndipo akaona alipoingizwa.

“Basi breki zile bado hazijui kazi yake. Na aliyezifunga bado hajateremka nazo.”

Spéciose alikuwa ameshusha kioo. Alisogea kwenye kiti kile kirefu cha mbele, akaacha nafasi katikati, akatazama mbele kama mtu asiyesikia.

“Nguo zangu…” Jumbe alianza.

“Ulizipakia mwenyewe jana. Furushi la kijani, ukalalamika zito.”

“Na pasipoti?”

“Kwenye pochi yangu.”

Jumbe alimtazama mkewe, akalitazama tela. Tanga ilimjia, si ile ya kurudi na lori, bali baraza ya mama mkwe, na mtoto wa miaka kumi akitoka kumwamkia mgeni. Aliogopa. Aliogopa kuliko siku za Mei.

“Na baada ya Chirundu? Kuna Kitonga.”

“Chirundu kuna mabasi ya kurudi huku, ukitaka. Kitonga tutaijua tukiikaribia. Mimi nimekutayarishia nguo tu. Spana zako sikuzigusa.”

Na kweli, alipoingia ndani, chumba kilikuwa kitupu na sanduku la spana lilikuwa palepale lilipo siku zote, nyuma ya mlango. Alilitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba Spéciose alipiga honi. Kisha akalinyanyua kwa mikono miwili, maana lilikuwa zito, akageuka.

Kidawa alikuwa amesimama nje ya kizingiti, ameinua msahafu kwa ajili yake. Kidawa ni mfupi, na asubuhi ile hakuona haja ya kusimama kwa vidole. Jumbe aliinama, akainama zaidi, na sanduku lake mikononi, mpaka akapita.