Waigizaji wa Pakiti za Sigara

Wanawake wa ndani ya albamu walikuwa waigizaji wa zamani sana, wazungu, mabega wazi. Enzi hizo kampuni za tumbaku zilitia kadi ya mmoja wao katika kila pakiti ya sigara, ili mvutaji arudi dukani kumtafuta mwenzake. Ujanja wa biashara haukuanza jana. Luqman, muuza vitu vya kale, aliiokota albamu hiyo kwenye nyumba iliyohamwa kule mtaa wa Troyeville, akawa anangoja mteja.

Ummi, mkewe, hakuwataka wanawake hao. Chumba chao cha ugenini, mtaa wa Bellevue, kilikuwa kimoja, cha kulala na kuswalia humohumo, na kwao Tanga alilelewa akijua kwamba malaika wa rehema hawaingii penye picha. Binti yao Zubeda alipofariki kwa homa ya mapafu, neno hilo likamganda moyoni.

"Mwanangu kafa mbele ya hao," alisema.

Luqman alidhani ni majonzi tu. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Picha ya Zubeda ilibaki moja, ya karatasi. Simu yenye nyingine iliporwa Yeoville. Kwa Ummi ile haikuwa picha, ilikuwa mtoto. Aliikumbatia kutwa, hali, halali, mpaka Luqman akaiondoa.

"Nimekuwekea. Moyo ukitulia nitakupa."

Akaichomeka ndani ya albamu, nyuma ya kadi ya mwigizaji mmoja, mahali ambapo mkewe asingegusa hata kwa dawa. Alijiona mwerevu, maskini.

Ijumaa moja alasiri alirudi akakuta jiko la makaa linafuka uani. Chumba kimefagiliwa, udi umefukizwa. Ummi alivaa kanga safi, na uso wake ulikuwa mkavu kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

"Baba Zubeda, usinikasirikie. Nimewachoma."

"Wote?"

"Na albamu yao. Sikuwatazama hata usoni, niliwamimina tu."

Luqman alikimbilia jiko, akapekua majivu ya moto kwa mikono mitupu. Hakupata hata kipembe. Hasira ilimpanda, akatafuta wa kumlaumu, akajikuta yuko peke yake.

Ummi alimfuata, akidhani anaililia biashara.

"Eish, Mungu ataleta riziki nyingine," alisema kwa upole, akimpangusa vidole kwa upindo wa kanga. "Mwenzio leo nimeswali bila kulia. Moyo umetulia, mume wangu. Sasa nipe mwanangu."

Akakinga mikono yote miwili.